Vitabu Vitatu, na Hakuna Kilichoisha

Mwezi wa kwanza wengi wetu hupanga kusoma vitabu vitatu. Lakini hapa Kericho na Bomet, mvua za Machi hadi Mei zikija majani chai huota mbio. Tunachuma kutwa, halafu tunangojea lori kituoni. Tukifika nyumbani tumechoka hoi, na mpango umelala.

Je, tufanye nini? Tupige hesabu. Vitabu vitatu vya kurasa 150 kila kimoja, kwa kurasa 5 kwa siku, huisha kwa siku 90. Ukisoma kimoja kimoja, cha kwanza kinaisha siku ya 30, nawe unapata moyo. Ukirukaruka, leo hiki kesho kile, utafika siku ya 87 bila kumaliza hata kimoja.

Na ukikosa siku 6, usijilazimishe kusoma kurasa 30 usiku mmoja. Soma 5 za leo, usogeze mwisho siku 6 mbele. Aibu ya kuchelewa ndiyo hutufanya tuache kabisa. Shamba la chai lisipochumwa juma moja hatuling'oi. Tunarudi na kikapu.

Mshika mbili moja humponyoka, sembuse tatu? Tuanze na kimoja, leo jioni.