Misri ya Baba na Misri ya Mawe

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Nilikwenda Luxor na Aswan, kusini mwa Misri, kama mtalii mwingine yeyote, nikiwa na kofia, chupa ya maji na daftari. Nilichookota huko sicho nilichokwenda kukitafuta, na ndicho kinachonifanya nishike kalamu leo.

Marehemu baba yangu, mkulima wa Bungoma, alikuwa na jawabu moja kwa kila mtoto aliyemwuliza Wabukusu walitoka wapi. Aliinua fimbo yake, akaielekeza kaskazini kuupita Mlima Elgon, ambao sisi twauita Masaba, kisha akasema neno moja tu: Misri. Hakuwa peke yake. Wazee wengi wa Kibukusu husimulia hivyo, na miongoni mwa Wakalenjin pia jina hilo halikosekani katika masimulizi ya asili. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikiwa nimeanza kuionja isimu, nilimwambia baba kwa kiburi cha kijana aliyesoma vitabu vitatu kwamba hizo ni ngano tu. Mzee alinyamaza. Tangu siku hiyo hadi alipoaga dunia hakunisimulia tena habari za Misri, wala mimi sikumwuliza.

Basi nilipolipanda gari la moshi mjini Cairo kuelekea Luxor, safari ya kilomita zipatazo 650, sikuwa peke yangu. Mzee yule na fimbo yake nilikuwa nao. Njiani, mto Nile hautoki akilini: ukanda mwembamba wa mashamba ya kijani kibichi, na baada yake jangwa. Mtu aweza kusimama mguu mmoja katika majani ya miwa na wa pili katika mchanga.

Hekalu la Karnak, upande wa mashariki wa mto, ni mahali pa kumnyamazisha hata msemaji hodari. Ukumbi wake mkuu una nguzo 134. Zile 12 za katikati zina urefu wa mita 21 hivi kila moja, na kila nguzo imechongwa maandishi na picha za miungu na wafalme. Mgeni hutembea humo shingo imepinda kama ya kuku anywaye maji. Lakini Karnak ni kazi ya fahari, na fahari ya wafalme hufanana kila mahali. Kilichonigusa zaidi kilikuwa ng'ambo ya pili.

Magharibi, linakotua jua, ndiko Wamisri wa kale walikowazika wafalme wao. Katika Bonde la Wafalme kuna makaburi zaidi ya 60 yaliyochimbwa ndani ya majabali, mbali na macho ya wezi, maana piramidi za mababu zao zilikwisha kuporwa. Hata hivyo wezi walifika. Kaburi la Tutankhamun, alilolifichua Mwingereza Howard Carter mnamo Novemba 1922, ni miongoni mwa machache mno yaliyosalia na sehemu kubwa ya mali yake. Ni kaburi dogo, nusura limvunje moyo aliyesikia sifa zake. Vitu zaidi ya 5,000 vilivyotolewa humo vimeondolewa zamani. Firauni mwenyewe nilimkuta amelala mle mle, mwili mweusi na mkavu chini ya kioo, huku watalii wakipigana vikumbo kumpiga picha.

Katika makaburi hayo kuta husema. Mwalimu wa lugha hawezi kuyapita maandishi yale kama apitavyo marembo ya kitambaa. Mathalani, Wamisri wa kale, ambao hawakuandika irabu, waliandika neno la kufa kwa konsonanti tatu: m, w na t. Mwarabu husema mawt. Mhausa husema mutu. Na Mswahili, aliyeazima kwa Mwarabu, husema mauti. Nilisimama mbele ya neno hilo lenye umri wa maelfu ya miaka nikaona kwamba nalijua, japo undugu wetu ni wa kuoleana, si wa damu. Ndugu wa damu wa lugha ile hapa Kenya ni wengine: Kisomali, Kiborana na Kirendille, ambazo zimo katika ukoo mmoja mkubwa na Kimisri cha kale. Kibukusu hakimo, wala Kikalenjin hakimo. Wapo wanaookota maneno mawili matatu yanayofanana na kutangaza ujamaa. Isimu haiendi hivyo. Ujamaa wa lugha huthibitishwa na ulinganifu wa sauti unaojirudia kwa utaratibu, si kwa sadfa za masikio.

Si kwamba Misri ile ilijitenga na Afrika hii yetu. Katika hekalu la Hatshepsut, malkia aliyetawala kama Firauni takribani miaka 1,470 kabla ya Kristo, kuna ukuta unaosimulia safari ya merikebu zake hadi nchi ya Punt. Zimechorwa nyumba zilizosimama juu ya miti na ngazi za kupandia, nyani, na miche ya uvumba ikipakiwa na mizizi yake. Wataalamu wengi huiweka nchi hiyo kwenye Pembe ya Afrika au karibu nayo. Ajabu ni kwamba baada ya kifo cha malkia huyo, jina lake na sura zake zilifutwa kwa patasi mahali pengi. Wamisri waliamini kwamba mtu anayetajwa jina bado yu hai. Kulifuta jina ilikuwa kuua mara ya pili.

Naomba wahadhiri wenzangu waniwie radhi nikitaja jambo moja linalotuhusu. Mafundi waliochimba na kupamba makaburi hayo waliishi katika kijiji ambacho leo huitwa Deir el-Medina. Katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses III, karibu miaka 1,150 kabla ya Kristo, posho yao ya nafaka ilichelewa. Wakaweka zana chini, wakatoka kijijini, wakaenda kuketi karibu na mahekalu huku wakilia njaa na kiu, mpaka wakubwa walipowatolea chakula. Ndio mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ambao kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Kila nisikiapo kwamba migomo ni mtindo wa kisasa uliotoka Ulaya, hucheka.

Kutoka Luxor nilipanda mto hadi Aswan, na huko ndiko moyo wangu ulikotikisika. Katika hekalu la Philae, lililojengwa kisiwani, kwenye lango la mfalme Hadrian wa Roma, kuna maandishi machache yaliyokwaruzwa kando ya sura ya mungu wa Kinubi aitwaye Mandulis. Yaliandikwa na kuhani Esmet-Akhom tarehe 24 Agosti, mwaka wa 394. Ndiyo maandishi ya mwisho ya hieroglifu tunayoyajua yenye tarehe. Mwandiko uliokuwa umetumika kwa zaidi ya miaka 3,000 ulikomea mkononi mwa mtu mmoja. Baada yake, kwa muda wa miaka 1,400 hivi, dunia nzima haikuwa na mtu wa kuzisoma nguzo za Karnak. Mawe yalikuwapo, michoro ilikuwapo, ila sauti haikuwapo.

Sauti hiyo ilirudije? Wengi hulitaja jiwe la Rosetta, lililopatikana na wanajeshi wa Ufaransa mwaka wa 1799 na ambalo limo katika jumba la makumbusho la British Museum, London, tangu 1802. Ni kweli, jiwe lilisaidia, kwa kuwa lina taarifa moja katika miandiko mitatu, mmoja wao ukiwa wa Kiyunani. Lakini Mfaransa Jean-François Champollion, aliyefumbua fumbo hilo mwaka wa 1822, alikuwa na ufunguo mwingine. Tangu ujana wake alijifunza Kikopti, ambacho ni kitukuu wa Kimisri cha kale. Kikopti kilikuwa kimekwisha kutoka sokoni na majumbani, kikabaki kanisani tu. Wakristo wa Kikopti, ambao wana kanisa hata hapa Nairobi, walikuwa wakisali kwa lugha ambayo hakuna mama tena aliyembembelezea mwanawe. Bila ukaidi wao huo, pengine Firauni angali bubu hadi leo.

Aliyenivusha kwa mashua hadi Philae alikuwa Mnubi. Aliniambia kwamba hekalu lile halipo mahali lilipojengwa, na kweli halipo. Bwawa Kuu la Aswan lilipojengwa kati ya 1960 na 1970, ulimwengu mzima ulichanga kuyaokoa mahekalu. Yale ya Abu Simbel yalikatwa vipande vipande, yakajengwa upya mita zipatazo 65 juu zaidi, kazi iliyofanywa kuanzia 1964 hadi 1968. Philae nayo ilihamishiwa kisiwa cha jirani, ikafunguliwa tena mwaka wa 1980. Kila jiwe lilitiwa nambari ili lirejee mahali pake. Wanubi je? Watu wapatao 50,000 upande wa Misri, na idadi kama hiyo upande wa Sudan, waliondolewa vijijini mwao, na vijiji vikamezwa na maji. Babu yake nahodha wangu alikuwa mmoja wao. Nilimwuliza kama wanawe wanazungumza Kinubi. Akajibu kwamba wanakisikia, lakini humjibu kwa Kiarabu. Kisha akanigeuzia swali: "Na wako, ustadhi?"

Sikuwa na jawabu la kujivunia. Wanangu wawili, waliozaliwa Nairobi, hawawezi kuzungumza na nyanya yao bila mimi kuwa mkalimani. Nami ni mtu ambaye nimezunguka nchi hii na kinasa sauti, nikikusanya misamiati ya lugha za watu wengine.

Usiku ule nililitafakari neno la baba. Misri si jina ambalo Wamisri wa kale waliiita nchi yao. Wao waliiita Kemet, nchi nyeusi, kwa ajili ya udongo wake wenye rutuba. Misri ni jina la majirani zao Wasemiti, nasi tumelipata kwa Kiarabu. Kwa hiyo kama mababu zetu wangalitoka kule, jina hili silo ambalo wangalikuja nalo. Yamkini lilitufikia na misafara ya pwani, au na Biblia, likavishwa masimulizi ya kale zaidi kuhusu safari ndefu kutoka kaskazini. Hayo ndiyo ningaliweza kumwambia mzee kwa adabu, kisha nikamwuliza: kabla ya Misri, baba yako alipaitaje mahali hapo? Kuna mito gani, milima gani, vita gani njiani? Sikumwuliza. Nilimnyamazisha kwa neno moja la dharau, na aliyoyajua yamefukiwa pamoja naye.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iziendeleze lugha za kiasili. Ni jambo jema, lakini serikali haiji jikoni kuzungumza na watoto wetu. Hakuna bwawa linalojengwa hapa wala mgeni atakayetuchangia fedha za kutia lugha zetu nambari. Maji yanapanda polepole sebuleni mwetu, nasi tumeketi tukitazama televisheni.

Mama yangu bado yu hai, namshukuru Mungu. Jumamosi mbili baada ya kurejea nilikwenda Bungoma pamoja na wanangu na kinasa sauti. Nilimwomba atusimulie Wabukusu walitoka wapi. Alicheka, akaniuliza kama ni mimi yule niliyesema hizo ni ngano. Kisha akaanza. Binti yangu hakuelewa neno la tatu, akaniomba nitafsiri. Kwa mara ya kwanza nilikataa, nikamwambia amwulize nyanya mwenyewe. Aliuliza kwa kigugumizi, akakosea, nyanya akamsahihisha. Tuliendelea hivyo hadi jioni, na hatukufika mbali. Bado tuko kwenye kivuko cha kwanza.

Mwandishi wa makala haya ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu kimoja hapa nchini.