Kumtayarisha Mtoto Mchanga kwa Picha ya Kumeza

Mtoto mchanga apaliwaye kila anyonyapo, au aandamwaye na vichomi visivyokwisha, au acheuaye kwa wingi hata uzito wake usiongezeke, huenda tabibu akaamuru apigwe picha ya eksirei ya kumeza. Mionzi aliyoivumbua Röntgen mwaka 1895 hudhihirisha mifupa, lakini koo na umio, kwa kuwa ni nyama laini, havijitengi na viungo vya jirani. Ndiyo sababu mtoto hunyweshwa bariamu, unga mweupe usioyeyuka wala kuingia damuni, ambao mionzi haiupenyi kwa wepesi, na mtaalamu akauona kwenye kioo ukishuka hatua kwa hatua. Wapo watoto ambao maziwa huwaingia njia ya pumzi pasi na kikohozi chochote, na maradhi kama hayo jicho la mama, hata liwe na hadhari namna gani, haliwezi kuyang'amua.

Maandalizi yote, kwa maoni yangu, yanategemea njaa. Mtoto aliyeshiba atafumba midomo, na asipomeza hapana cha kutazamwa. Aliyezidiwa na njaa naye atalia, atavuta hewa tumboni, na picha itaharibika vilevile. Aghalabu huamriwa akae muda wa saa 3 au 4 bila kunyonya, kwa kadiri ya umri wake, na neno la hospitali yenyewe ndilo la kufuatwa. Mathalan miadi ikiwa saa 3 asubuhi, na amri ni kukaa muda wa saa 4 bila kunyonya, basi mama amnyonyeshe saa 11 alfajiri ashibe, kisha asimpe titi la kumbembeleza njiani, ijapokuwa moyo utamuuma. Ambebe, amwimbie, au ampokeze shangazi au bibi yake, kwani mtoto asikiapo harufu ya maziwa ya mama hatulii.

Shurti mama achukue chupa na chuchu ile ile aliyoizoea mtoto, au kikombe na kijiko kama ndivyo alivyozoea, pamoja na maziwa aliyokamua au ya kopo anayotumia, maana bariamu ina ladha ya chokaa na mtoto huikubali upesi zaidi ndani ya kitu anachokijua. Fauka ya hayo, tunataka kumwona akimeza kama amezavyo nyumbani. Mavazi yawe mepesi, yasiyo na vifungo vya chuma. Na shanga, mkufu au hirizi iliyopo shingoni au kifuani ivuliwe kwa heshima, mama aishike mkononi, amvishe tena wakitoka, kwa kuwa kivuli chake huziba mahali panapotafutwa. Mzazi mmoja huruhusiwa kukaa naye, amevaa aproni ya risasi. Lakini mama mjamzito asiingie, na aseme mapema ili baba au khalati ashike nafasi yake.

Baadaye mtoto anyonye kwa wingi. Choo chake kitakuwa cheupe kwa siku moja au mbili, na hilo lisimtie mama wahka. Asipopata choo kabisa, au tumbo likivimba, arudishwe.

Lakini mtoto mchanga atapikaye matapishi ya kijani asingojee miadi yoyote: huenda utumbo umejisokota, na apelekwe hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku.