Luvungi: Picha ya uso hujifunzwa kwa kundi

LUVUNGI, Kivu Kusini – Anayetaka kujua kupiga picha za uso haitaji studio. Inatosha kundi: watu watano wenye kamera au simu, mtu mmoja wa kupigwa, mwanga uleule. Baadaye picha zinalinganishwa, na hapo huonekana nani alizungumza naye na nani alibonyeza tu.

Katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, somo la kwanza ni jua. Saa sita mchana linajaza macho kivuli. Afadhali asubuhi, au barazani. Pia ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe huidanganya kamera, uso ukazama gizani. Mwanga upimwe shavuni, si ukutani.

Kisha zamu zibadilishane. Mpiga picha aliyekwisha kukaa mbele ya lenzi tano hataamrisha ovyo, "Cheka!"

Jambo hili si mchezo. Nyuso za mashariki mwa Kongo zimezoeleka duniani kwa vita na ukimbizi. Pamela Tulizo wa Goma, aliyeanza kama mwandishi wa habari, aliwapiga wanawake kwa namna nyingine, na mwaka 2020 akashinda tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana.

Basi kundi limuulize kwanza anayepigwa: unataka uonekane vipi, na picha iende wapi? Akisema ifutwe, inafutwa kwenye simu zote tano.