Hamu ya Udongo na Kidonge cha Madini ya Chuma

Mjamzito akionekana anatafuna pemba, vile vijiti vya udongo vinavyouzwa sokoni, watu humcheka au humgombeza. Mimi humuuliza kwanza: damu umepima lini?

Wazee wetu walikwisha kuyahusisha mambo haya mawili. Leo tukisema safura tunamaanisha upungufu wa damu, hasa ule unaoletwa na minyoo. Lakini David Livingstone, katika shajara zake za mwisho, aliandika kwamba kule Unguja safura lilikuwa jina la ugonjwa wa kula udongo.

Wengine hutamani mchele mbichi, wengine huguguna barafu kutwa nzima. Hii ya barafu imetufundisha mengi. Mwenye upungufu wa madini ya chuma akianza kumeza vidonge, mara nyingi hamu humtoka ndani ya siku au wiki chache, damu yenyewe ikiwa bado haijapanda.

Lakini asidhani mtu kwamba udongo ni dawa. Chuma kilichomo ndani yake mwili hukipata kwa shida, na udongo wa aina fulani hunasa hata kile cha kwenye chakula. Tena huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto aliye tumboni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, pamoja na asidi ya foliki. Akina mama wengi huviacha vidonge hivyo kwa kichefuchefu na kufunga choo, na siwalaumu; chakula chenyewe huwa hakipiti. Jaribu kumeza usiku, baada ya kula kidogo, kwa maji ya ndimu. Usimeze kwa chai, maana chai huzuia chuma kisifyonzwe. Choo kikiwa cheusi, usiogope.

Si kila anayekula udongo amepungukiwa na chuma. Wapo wanaopenda tu ile harufu ya mvua ya kwanza kwenye ardhi kavu. Hao nao wapimwe. Himoglobini ya mjamzito ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, ana upungufu wa damu. Na kama ana minyoo ya safura, vidonge peke yake havitamfikisha mbali: anahitaji pia dawa ya minyoo, nayo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza.