Taa inawaka, je, nyumba iko salama?

Nyumba ya bibi na nyumba iliyojengwa mwaka jana zote zinatumia volti 230, lakini ukimwita fundi umeme usimwulize maswali yaleyale.

Nyumba nyingi za zamani zilifungwa waya enzi za taa, redio na pasi. Leo tumeongeza friji, birika na jiko la umeme. Birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampea 9. Na joto kwenye waya hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Kwa hiyo fyuzi ikikatika kila mara, usikubali fundi afunge waya mnene zaidi "ili isisumbue". Kweli haitakatika tena, ila sasa utakaoungua ni waya ulioko ukutani. Mwambie akague maungio, unene wa waya, na kama ethi ipo kweli. Soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi.

Nyumba mpya je? Waya ni mzima, ila kazi huenda ililipuliwa. Hapo mwombe apime ethi kwa kifaa, na ajaribu swichi inayokata umeme ukivuja. Ya nyumbani kwa kawaida hukata kwenye miliampea 30.

Kwa Tanzania Bara, omba kuona leseni yake ya EWURA. Akikujibu "si taa inawaka?", tafuta mwingine. Taa huwaka hata pasipo ethi.