Bando limetoka, faiba imeingia: Nani sasa atawaambia watoto walale?

Dar es Salaam. Katika nyumba moja ya Tabata, kazi ya kuwaondoa watoto kwenye katuni haikuwa ya baba wala ya mama. Ilikuwa ya bando.

Kila jioni mama alinunua kifurushi cha siku, akawarushia watoto intaneti kutoka kwenye simu yake, kisha akaingia jikoni. Ikifika saa mbili usiku hivi, sauti ya mtoto wa kati ilisikika kutoka sebuleni: "Mama, bando limeisha." Mjadala ulifungwa hapo. Miguu ilioshwa, chandarua kikashushwa, watu wakalala.

Kisha familia ikavuta faiba. Sababu zilikuwa nzuri. Baba alijumlisha vocha za mwezi mzima za simu mbili, akakuta zinazidi ada ya mwezi ya faiba. Binti wa kidato cha pili alikuwa akikwama katikati ya masomo ya video. Fundi alikuja Jumamosi, akatoboa ukuta, akafunga kisanduku, nenosiri likapita mkono kwa mkono. Kufikia mchana kila mtu alikuwa kwenye kona yake na skrini yake.

Wiki ya tatu, mwalimu wa darasa la tatu akapiga simu. Mtoto anasinzia kipindi cha kwanza, anaamshwa, anasinzia tena. Wazazi walifanya ambacho wazazi wengi wa Dar es Salaam wangefanya: walimpeleka zahanati kupima malaria. Kipimo hakikuonyesha malaria, na damu ilikuwa ya kutosha. Muuguzi akauliza.

"Mama, huyu mtoto analala saa ngapi?"

"Saa tatu anakuwa ameshaingia kitandani."

"Sijauliza anaingia saa ngapi. Anasinzia saa ngapi?"

Mtoto akaangalia sakafu. Kumbe kishikwambi kilikuwa kinalala naye ndani ya chandarua.

Hesabu ya usingizi haina huruma. Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, kinataka mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Sasa chukua mtoto wa jijini anayeamshwa saa 11 alfajiri ili awahi basi la shule. Ili apate zile saa tisa za chini kabisa, lazima awe amesinzia saa mbili usiku. Akisinzia saa tano, amepata sita tu. Anadaiwa saa tatu kila usiku, na Ijumaa ikifika deni limefika saa 15. Mtoto wa namna hiyo huwa mkali, msahaulifu, hana hamu ya chai ya asubuhi, na ni rahisi kumuita mvivu.

Skrini inachelewesha usingizi kwa njia mbili. Mwanga wake unapunguza melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, na mtoto huathirika na mwanga huo kuliko mtu mzima. Njia ya pili ni kile kinachoonyeshwa. Video moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, hivyo mtoto hapati ule mwanya mdogo wa kujiuliza kama amechoka. Bando lilikuwa linampa mwanya huo kwa nguvu.

Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo Aprili 2019: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi, pamoja na ule wa mchana. Kwenye nyumba ya bando, saa hiyo moja ilikuwa rahisi kuitunza kwa kuwa iligharimu pesa. Kwenye faiba, saa ya tano ina bei ileile na ya kwanza.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo matangazo hayaisemi. Bando linauzwa kwa ujazo: ukimaliza GB zako, umemaliza. Laini ya nyumbani inauzwa kwa kasi na kwa mwezi. Hata zamani, waliokuwa na intaneti ya waya wa shaba wa simu ya mezani walikuwa na breki ya aina yake, maana mawimbi kwenye shaba hufifia kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu. Video ilikwama, watu wakachoka kusubiri. Faiba ni uzi wa kioo unaobeba mwanga, na umbali wa mitaa michache hausumbui. Watu watano wanaweza kutazama vitu vitano kwa wakati mmoja bila kugombana. Hilo la kutogombana linasikika kama baraka, lakini ugomvi wa rimoti ulikuwa unawaweka watoto sebuleni, mbele ya macho ya mtu mzima.

Hii si sababu ya kuikataa faiba. Ni sababu ya kupanga sheria kabla fundi hajakunja ngazi yake, kwa kuwa kumnyang'anya mtoto alichokwisha kukizoea ni kazi kubwa kuliko kutompa.

Kwanza muombe fundi nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya rauta, ambalo ni tofauti na lile la Wi-Fi. Mara nyingi limebandikwa chini ya kisanduku, na mtoto wa darasa la tano anajua kusoma. Libadilishe. Kisha, kama rauta inaruhusu, na nyingi za siku hizi zinaruhusu, fungueni mitandao miwili, mmoja wa wazazi na mwingine wa watoto. Wa watoto uwekewe ratiba ya kujifunga wenyewe.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Rauta haijui saa za Kiswahili. Mzazi anayetaka mtandao ufungwe saa moja na nusu usiku akiandika 1:30, utafungwa saa saba na nusu usiku wa manane, wakati mtoto ameshatazama vipindi sita. Inatakiwa 19:30. Na hakikisha rauta imewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki. Ikibaki kwenye saa za Greenwich, kila kitu kitachelewa kwa saa tatu.

Kwa picha chafu, ipo njia isiyolipiwa. Kampuni ya Cloudflare ilianza mwaka 2020 kutoa anwani ya DNS ya kifamilia, 1.1.1.3, inayozuia tovuti nyingi za ngono na za virusi. Inaandikwa mara moja kwenye mipangilio ya rauta na inahudumia vifaa vinavyotumia mtandao huo. Haizuii kila kitu. Haisaidii pia ikiwa kijana ana laini yake ya simu yenye bando. Kwa hiyo kinga ya usiku inabaki ileile ya kizamani: simu na vishikwambi vyote vichajiwe chumbani kwa wazazi au sebuleni, cha baba kikiwemo. Saa ya ukutani ya kengele inatosha kumuamsha kijana.

Siku ya kufungiwa kuna jambo jingine la usalama ambalo halitajwi. Fundi anapokata uzi wa faiba huacha vipande vidogo vya kioo, vyembamba kama unywele, ambavyo havionekani kirahisi kwenye sakafu. Vikiingia kwenye unyayo wa mtoto atambaaye au kwenye kidole, kuvitoa ni shughuli. Watoto wakae mbali, fundi aviweke kwenye chombo chenye kifuniko, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji ambacho kitatupwa. Uzi ukichomoka baadaye, mtu asichungulie ncha yake. Mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho, lakini upo.

Wazazi wengi huuliza zaidi kuhusu mionzi ya Wi-Fi. Mawimbi ya redio ya rauta hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya eksirei. Ni kweli kwamba Mei 2011 taasisi ya WHO inayotafiti saratani iliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikawa na madhara lakini ushahidi wake ni mdogo. WHO pia inasema kiwango cha Wi-Fi majumbani kiko chini sana ya mipaka ya kimataifa. Mtoto anayetazama kishikwambi hadi saa sita usiku ana tatizo la uhakika zaidi ya hilo.

Macho nayo yasisahaulike. Huko Guangzhou, China, watafiti waliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya asilimia 39.5 ya wenzao. Uwanja wa vumbi wa mtaa una kazi yake.

Usifute kabisa bando la simu. Umeme ukikatika rauta inazima, isipokuwa umeinunulia betri yake. Na Mei 12, 2024, hitilafu kwenye mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM iliathiri intaneti Tanzania na nchi jirani. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa usiku anahitaji salio la kupiga simu kuliko GB.

Pale Tabata, mtandao wa watoto sasa unafungwa 19:30. Binti wa kidato cha pili ana nenosiri jingine linaloishia saa tatu, baada ya mazungumzo marefu na mama yake. Kishikwambi kinalala kabatini. Wiki mbili baadaye mtoto wa darasa la tatu alianza kuamka kabla ya kuitwa.

Usiku wa kwanza tu ndio ulikuwa na vurugu. Runinga ya sebuleni ilikuwa imeunganishwa kwenye mtandao wa watoto bila mtu kukumbuka. Mechi ya ligi iliyoanza saa moja usiku ilifika nusu saa, picha ikaganda mshambuliaji akiwa ndani ya boksi. Baba akainuka, akaigonga rauta, akaita kuelekea jikoni:

"Mama watoto, bando limeisha?"