Wachaga Wanapokwenda Kuhesabiwa

Kila Desemba Watanzania hurudia utani uleule: Wachaga wanakwenda kwao Kilimanjaro kuhesabiwa. Stendi ya Magufuli, Mbezi, hufurika kabla hakujapambazuka, na barabara ya Chalinze, Korogwe na Same hujaa magari yaliyosheheni mchele, sukari na watoto waliolala. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, ilirejeshwa mwaka 2019, tena mwezi huohuo wa Desemba.

Anayetaniwa hucheka, lakini mtani amegusa Injili bila kukusudia. Luka anasimulia kwamba Kaisari Augusto aliamuru watu waandikwe, kila mtu mjini kwao, ndipo Yusufu akapanda kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu, kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Daudi. Yusufu alihesabiwa kwa ukoo. Mchaga huhesabiwa kwa kihamba.

Kihamba ni shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba, ambalo baba humrithisha mwana, na humo ndimo wazee walimozikwa. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuta maisha yote yamefungwa hapo. Mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, aliyeanza kazi huko mwaka 1902, alisisitiza kwamba Kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika badala ya kuvivunja. Ndiyo maana mtu akiulizwa leo anakula wapi Krismasi, jibu lake huwa jina la kwao: Marangu, Machame, Kibosho, Rombo.

Kanisani, zambarau ya Majilio hupisha nyeupe ya Noeli. Kwa kuwa ndugu wote wapo, wengi hungoja Desemba ili kubatiza watoto na kufunga ndoa. Kwa Walutheri, ibada ikiisha huja mnada wa sadaka: mkungu wa ndizi, jogoo, trei ya mayai. Bei hupanda kwa vicheko, na mara nyingine aliyenunua hurudisha kitu hicho kinadiwe tena, au humpa bibi kizee aliyekaa jirani naye.

Nyumbani kuna mtori, nyama ya mbuzi, na mbege iliyopikwa kwa ndizi mbivu na ulezi, ingawa waumini wengi wa makanisa ya kilokole huiacha na kunywa soda. Hata hivyo, kazi nzito zaidi ya msimu huu hufanyika kwenye kikao cha ukoo, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Hapo husemwa ya mpaka uliosogezwa, mirathi, karo ya yatima, na ndugu wawili wasioamkiana. Kwa desturi ya Wachaga, aliyekosa akileta jani la sale, mmea uleule unaopandwa mipakani na makaburini, ni vigumu mno kumkatalia msamaha. Mkristo anayelipokea siku hizi haoni mgongano na imani yake. Kama Mungu ameshuka kukaa na watu waliomkosea, kaka hana sababu ya kumfungia mdogo wake mlango.

Kuhesabiwa kuna upande mwingine, nao hauna uhusiano na Bethlehemu. Gari jipya huegeshwa pale litakapoonekana, na nyumba za ghorofa hulinganishwa. Wapo wanaobaki mjini kwa kuona aibu kurudi mikono mitupu, ingawa familia nyingine huwatumia nauli kwa simu ili wasikose kikao. Luka huyohuyo anaeleza kwamba Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, ile ambayo Sheria ilimruhusu mtu asiyeweza kununua mwanakondoo. Kwa vipimo vya magari na ghorofa, familia ile nayo isingekuwa na cha kuonyesha.